Kisu Kikilala

"Unafanya nini na huo mkasi?"

Sauti ilitoka nyuma ya bega la Kipimo, aliyekuwa ameketi kwenye cherehani yake. Mshonaji haruhusiwi mkasi. Ana kijimkasi cha kukatia uzi, kidogo hivi, tena kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza kisije kikapotea. Huu aliokuwa nao mkononi ulikuwa mkasi wa kweli, wa marehemu baba yake, na kwenye makali yake ulikuwa bado unaning'inia utepe mwembamba wa kitambaa cheupe, upana wa ukucha.

"Nasafisha nyuzi, mama," alisema bila kugeuka.

Mwanamke aliyesimama nyuma yake alibonyeza saa. Alikuwa ametumwa na ofisi kuu kupima kazi zote za kiwanda hicho cha sare, ili kila kazi ipewe daraja na kila daraja lipewe mshahara wake. Wafanyakazi hawakujua jina lake wala hawakuuliza. Kwa ajili ya saa ile ya kubonyeza aliyoivaa shingoni, walimwita Bi Saa. Aliandika kwenye karatasi yake huku akitamka maneno polepole: "Kusafisha nyuzi. Ustadi... hauhitajiki."

Akasogea meza ya pili.

Kipimo aliushusha mkasi mapajani. Jirani yake wa mkono wa kulia alikuwa mwanamke mnene aliyeitwa Redio, kwa sababu alipozaliwa walisahau kumwekea kitufe cha kuzimia. Redio alimtazama kwa pembe ya jicho, akatazama gunia lililokuwa miguuni pa Kipimo, na kwa mara ya kwanza katika miaka waliyokaa pamoja hakusema kitu. Hilo lilimtisha Kipimo kuliko ile saa.

Ili ujue kwa nini alidanganya, sharti urudi miaka kumi na tisa nyuma, hadi langoni. Asubuhi hiyo walifika pale watu wawili wa tumbo moja, kaka na dada, watoto wa fundi cherehani aliyewafundisha wote wawili kwenye meza moja na kuwachapa kwa fimbo moja. Kukata, dada alimshinda kaka. Hilo halikuwa na ubishi. Kaka mwenyewe alikuwa akilitangaza mtaani kwa kujivuna, utadhani anasifia jogoo wake. Dada alikuwa akitupia kitambaa jicho tu, anakuambia kimezidi wapi. Ndiyo maana baba akamwita Kipimo, na jina likamganda.

Langoni walimkuta mlinzi ambaye huenda alikuwa amekula kiapo cha kutofikiri. "Wanaume kushoto, wanawake kulia," alisema. Hakuna aliyewajaribu, hakuna aliyewauliza wanajua nini. Kushoto kulikuwa na chumba cha kukatia, kulia ukumbi wa cherehani. Basi, maisha ya watu wawili yakagawanywa na mkono wa mlinzi kabla hata hajamaliza chai yake.

Wa kushoto waliitwa mafundi. Wa kulia waliitwa wasichana. Msichana wa meza ya kumi na nne alikuwa na wajukuu sita na amebakiwa na jino moja la mbele, lakini msichana ni msichana. Fundi alilipwa mara mbili na ushei ya msichana, na ukiuliza sababu uliambiwa kukata ni ujuzi, bali kushona mwanamke huzaliwa nako. Huyo mtoto mchanga aliyetoka tumboni akijua kupachika mkono wa koti, mpaka leo hakuna mkunga aliyemwona.

Kaka alipanda mpaka akawa mkuu wa chumba cha kukatia. Kiwanda kizima kilimwita Fundi, hivyo tu, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Akajenga, akasomesha, akamchukua mama yao mzee akae kwake. Kipimo hakumwonea kijicho, maana chungu cha kaka yake ndicho kilichomlisha mama.

Kisha, miaka miwili iliyopita, kisu kikaanza kulala.

Kwa asiyejua kazi hiyo: kitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, hata themanini, na kisu cha umeme huyapita yote kwa mara moja. Kisu kikisimama wima, vipande vyote hutoka sawa. Kikilala kidogo tu, vya juu hutoka sawa na vya chini hutoka vimezidi, upana wa ukucha mmoja, siku nyingine kucha mbili. Hapo mkono wa koti haukubali kuingia kwenye kwapa lake, na bega linakunjamana. Kipimo alipoliona fungu la kwanza la namna hiyo alilibeba mpaka stoo ya vitambaa, akamwita kaka yake huko. Fundi alisimama katikati ya majora, akawa anazungusha kofia mikononi.

"Kuna ukungu, dada," alisema. "Pembeni naona. Hapa katikati ya jicho ndipo penye ukungu."

"Umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda. Wamesema hautapungua."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, wazee walisema. Lakini hawakusema afanyeje mwenye watoto wanne shuleni. Tangu siku hiyo mafungu ya Fundi yalipita kwanza kwenye meza ya Kipimo. Alikuwa akitenga vipande vya chini, anavipunguza kwa mkasi wa baba, anavifunga tena kwa kamba yake, kisha anaikimbiza cherehani kama mwizi ili afidie dakika zilizopotea. Tepe alizokata alizificha ndani ya gunia, wafagiaji wasije wakazibeba zikaonwa na wenye macho. Kila Jumamosi alikwenda nazo nyumbani akashindilia mito. Ukoo mzima ulipata mito mizuri. Fundi naye alikuwa na wake, akiusifu kwa ulaini, asijue kwamba kila usiku analaza shavu juu ya makosa yake mwenyewe.

"Daraja la pili," Redio alisema saa ya chai. Alikuwa amewaka tena. "Nimemsikia Meneja kwa masikio yangu haya. Wakataji, la sita. Sisi, la pili, sawa na mfagia ua. Na unajua kwa nini? Eti fundi akikosea, kitambaa kimekufa. Msichana akikosea, anafumua anarudia. Kosa letu halina hasara, kwa hiyo kazi yetu haina thamani."

"Yule mama bado hajamaliza kupima."

"Anamaliza kesho. Halafu muhuri unagongwa, na ukishagongwa ndiyo basi mpaka miaka mitano ipite." Redio alisogeza kiti, akashusha sauti, jambo ambalo lilimgharimu. "Kipimo, mwenzangu. Mimi nakaa hapa pembeni yako. Najua kilichomo kwenye gunia. Mfungulie yule mama aone kosa la fundi linaokolewa na nani. Tuko wanawake arobaini humu."

"Ni kaka yangu."

"Najua ni kaka yako. Na sisi ni nani zako?"

Kipimo alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Alikuwa na hasira na Redio kwa kumuuliza, na hasira kubwa zaidi kwa kuwa swali lilikuwa la haki.

Alitoka kazini moja kwa moja mpaka kwa kaka yake, kabla moyo haujamgeuka. Mama yao alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni, kichwa juu ya mto. Fundi ameketi sakafuni, anamkata mama kucha kwa kupapasa, kidole kwa kidole.

"Kaka, kesho yule mama wa ofisi kuu anamaliza. Nataka kumwambia."

Fundi hakuinua kichwa. "Kumwambia nini?"

"Unajua."

"Nitafukuzwa."

"Pengine hawatakufukuza."

"Pengine!" Aliliacha hilo neno likae. "Mkataji asiyeona, nani anamtaka? Dada, nimekukosea nini?"

Hapo hasira ambayo Kipimo alikuwa ameikalia miaka yote ilimpanda. "Hujanikosea kitu. Wewe ulikwenda kushoto, mimi nikaenda kulia, basi. Lakini huu mwaka wa pili nafanya kazi yangu na nusu ya yako, na mshahara wangu haufiki nusu ya wako. Wewe ndiye mkubwa, nieleze hesabu hiyo."

"Mshahara wangu si ndio unaomlisha mama?"

"Ndiyo. Na wangu ungekuwa mshahara wa mtu, tungemlisha wawili."

Mama alifumbua macho. "Mnagombana?"

"Hatugombani, mama," walijibu kwa pamoja, kama walivyokuwa wakijibu wakiwa watoto na nguo zimechanika.

Fundi alimsindikiza dada yake mlangoni. Alishika mwimo wa mlango kwanza, ndipo akasema, taratibu, bila ukali: "Ukisema, usije hapa tena."

Asubuhi Kipimo alikuwa bado hajaamua. Fungu la kwanza lilikuwa mikono ya makoti ya wauguzi. Alipitisha kidole ukingoni: kucha mbili kamili. Kisu hakikulala tu, kilikuwa kimejinyoosha kabisa. Mkono wake ulikwenda kwenye mkasi wa baba, na papo hapo akamwona Bi Saa akija kati ya meza na saa yake.

Basi akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Hakukata, na hakusema. Alilifunga fungu kama lilivyokuja, akalisukuma kwa Redio. Kushona ulichopewa si kosa, alijiambia. Kitambaa kitajisemea chenyewe, na yeye mikono yake itabaki safi mbele ya kaka na mbele ya wenzake. Lakini kitambaa hakina mdomo, na penye kitu kisicho na mdomo, mwenye cheo ndiye anayesema.

Saa nne makoti kumi ya kwanza yalitundikwa, mabega yamekunjamana. Meneja alifika mbio, mwanamume mfupi aliyetembea kwa visigino ili asikike kabla hajaonekana.

"Nani kashona haya?"

Redio alisimama. "Mimi."

"Unaona?" Meneja alimwambia Bi Saa. "Nilikwambia. Watu wenyewe ndio hawa, halafu wanataka madaraja. Wewe, kusanya vitu vyako utoke. Na mstari wote huu nitaukata mshahara wa wiki."

Redio angeweza kusema. Gunia lilikuwa hatua moja kutoka mguuni pake. Yeye, ambaye siri ya mtu haikuwahi kulala kinywani mwake hata siku moja, alifunga mdomo, akaanza kukusanya kikombe chake, miwani yake, na kitambaa chake cha kichwa. Hakumtazama Kipimo hata kidogo. Alimwachia.

Kipimo alipiga moyo konde, akasimama.

"Hajakosea yeye. Vipande vimekatwa vibaya. Kisu kilikuwa kimelala."

Meneja alicheka. "Leo wasichana wanajua mambo ya kisu!"

Bi Saa hakucheka. "Unajuaje?" aliuliza.

Kipimo aliinama, akalikamata gunia kwa pembe zake mbili, akalimwaga juu ya meza. Tepe zilifurika mpaka sakafuni, nyeupe, buluu, kijani, rangi za kila sare iliyotoka kiwandani wiki hiyo. "Hizi ni za tangu Jumatatu," alisema. "Navipunguza mimi vipande kabla havijashonwa. Miaka miwili sasa."

"Jana uliniambia unasafisha nyuzi."

"Nilikudanganya, mama."

Bi Saa alizigusa tepe kwa ncha ya kalamu. Kisha akachomoa mikono kumi kutoka kwenye fungu ambalo halijashonwa. Kila kipande kilikuwa na namba ya tabaka lake, imeandikwa kwa chaki upande wa ndani. Akavichanganya, akavilaza mezani namba zikiwa zimeelekea chini. "Nipangie," alisema, "cha juu kabisa mpaka cha chini kabisa." Akabonyeza saa.

Cherehani zilizimwa moja baada ya nyingine. Kipimo hakuvitazama sana vile vipande. Alipitisha kidole gumba ukingoni mwa kila kimoja, kama alivyofundishwa, akavisogeza huku na huku. Mwishoni alisita, akabadilisha nafasi za viwili vya katikati. Kukosea hapo kungemzika yeye, Redio na mstari wote kwa siku moja.

"Tayari."

Bi Saa alivigeuza. Tatu. Tisa. Kumi na saba. Ishirini na sita. Thelathini na nne. Arobaini na moja. Hamsini na tano. Sitini na mbili. Sabini. Sabini na tisa.

Msichana mwenye wajukuu sita alisema "Salaaale!" kwa jino lake moja.

"Uliniambia fundi akikosea kitambaa kimekufa," Bi Saa alimwambia Meneja. "Mbona miaka miwili hakijafa?"

Meneja alikuwa ameshageuka kutazama mlangoni. Fundi alikuwa amesimama pale. Alikuwa amesikia cherehani zikinyamaza, akaja na glovu ya chuma, kinga ya vidole vya mkataji, bado mkononi. Ameshasikia ya kutosha. Aliivua glovu kidole kwa kidole, akanyoosha mkono kuiweka kwenye meza iliyokuwa karibu, na meza haikuwa pale alipodhani. Glovu ilianguka sakafuni kwa kishindo. Watu wote waliitazama, isipokuwa yeye, aliyekuwa akiitafuta upande mwingine.

Kipimo alitamani ardhi ipasuke.

Bi Saa aliandika kurasa mbili za pendekezo, akampa Kipimo mkono, akaondoka na saa yake. Redio alirudishiwa kiti. Wiki mbili wanawake walitembea vichwa juu. Kisha karatasi ikabandikwa ukutani. Wakataji: daraja la sita. Washonaji: daraja la pili. Chini yake muhuri wa buluu, wino haujakauka vizuri.

Kipimo alikwenda ofisini. "Na pendekezo la yule mama?"

"Pendekezo ni pendekezo," Meneja alisema. "Muhuri umegongwa. Mpaka miaka mitano ipite, hata mimi mwenyewe siwezi kuufuta."

"Basi nijaribu kwenye meza ya kukatia. Nafasi ya kaka yangu iko wazi."

"Mama, kile kisu kina kilo sita. Si kazi ya mwanamke."

Aliambiwa hivyo mtu ambaye kila siku hubeba begani mafungu ya kilo ishirini. Alirudi kwenye cherehani yake akashona mpaka jioni, hakumbuki alishona nini.

Fundi hakufukuzwa. Mwanamume mzima mwenye familia hatupwi tu, Meneja alisema, na hilo lilikuwa jambo zuri alilolisema mwaka ule, ila hakuwahi kulisema kuhusu mwanamke. Walimkalisha ukumbini, kwenye cherehani iliyokuwa tupu, kushoto kwa dada yake. Alishona mishono ya moja kwa moja tu, kwa kupapasa, kama alivyofundishwa na baba. Hakumsalimu Kipimo. Siku ya kwanza hakumsalimu, ya pili hakumsalimu, na Kipimo akajua kwamba lile la mlangoni halikuwa la hasira za jioni. Alikuwa hajamwona mama yake tangu siku ile. Amevunja nyumba ya ndugu yake, na daraja ni lilelile la pili. Kama ni hasara, aliiokota yote peke yake.

Siku ya mshahara kila mtu alipewa karatasi yake: kazi, daraja, kiasi, muhuri. Fundi aliisogeza yake mpaka puani, akaipeleka mbali, akaitazama kwa upande. Maandishi yalikuwa madogo. Mwishowe aliipitisha kulia kwake, ikagusa kiwiko cha Kipimo.

"Nisomee," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake katika wiki tatu.

Kipimo alisoma kimyakimya, akarudia kusoma.

"Mbona umenyamaza? Wamenishusha sana?"

Alielewa jinsi ilivyotokea. Wa ofisini walipofika kwenye jina la kaka yake, kalamu iliwakwama. Mwanamume mzima ataandikwaje mshonaji, miongoni mwa wasichana? Wakabuni neno, na neno likahitaji daraja lake, wakagonga muhuri wakaenda kula. Hawakufikiri hata dakika, kama vile mlinzi wa langoni hakufikiri. Karatasi ya Kipimo mwenyewe ilikuwa mapajani pake.

"Hawajakushusha sana," alisema polepole. "Umeandikwa fundi mshonaji. Daraja la tano."

Fundi aliuliza: "Na wewe?"

"Mshonaji. La pili."

"Na huyo rafiki yako?"

"La pili. Wote humu, la pili."

Aligeuza kichwa, akamtazama dada yake kwa pembe ya jicho, pale pasipo na ukungu. "Nikimaliza koti moja, wewe unamaliza manne," alisema. "Nakusikia. Cherehani yako inasimama mara nne, ndipo yangu inasimama mara moja. Wiki tatu nakaa hapa nahesabu."

Kipimo aliikunja karatasi, akaipeleka mkononi mwake. Karatasi ile ingeweza kumfanyia mambo makubwa, na ingeweza kumnyang'anya kaka yake hata hicho kidogo kilichobaki. "Iweke mfukoni, kaka. Sitamwambia mtu. Mara moja nilitoa siri yako, yatosha."

Fundi aliishika. Aliipitisha kidole gumba ukingoni, kama kipande cha kitambaa. Redio alikuwa ameacha kushona.

"Mama anakuulizia kila siku," Fundi alisema. "Sina la kumwambia." Akamrudishia karatasi, akasimama, akashika meza. "Soma tena. Kwa sauti, wote wasikie."

Kipimo alisoma kwa sauti. Aliyeelewa wa kwanza alikuwa Redio.

"Ina muhuri?"

"Ina muhuri."

"Umegongwa vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Basi hata Meneja mwenyewe hawezi kuufuta," Redio alisema, na akainuka.

Walipanda ngazi za ofisi wote arobaini. Fundi alikuwa mbele, mkono begani mwa dada yake, maana ngazi hakuziona. Ngazi zilikuwa za mbao, na Meneja alisikia kishindo kabla hajaona mtu. Alifungua mlango akiwa na kalamu sikioni.

"Kuna nini?"

"Bosi," Fundi alisema, "umeniandika fundi mshonaji, daraja la tano. Nashukuru. Nimekuletea mafundi washonaji wenzangu, kazi yetu ni moja. Katika wote hawa mimi ndiye wa mwisho. Nimewatangulia kwa sababu ya heshima yako tu."

Meneja alinyoosha mkono. "Hilo ni kosa la mwandishi. Lete hiyo karatasi niirekebishe."

Kipimo aliitia karatasi ndani ya blauzi, upande wa moyo, akafunga kifungo. "Muhuri umegongwa," alisema. "Tutaonana nawe baada ya miaka mitano."

Ngazini hakuna aliyecheka. Meneja alitazama mstari ule uliojaa mpaka chini, akavuta pumzi ili awarudishe kazini kwa lile neno "wasichana" alilowaitia miaka yote. Akafungua kinywa. Akamwona Fundi amesimama katikati yao, na neno likamkwama hapohapo kooni.